Demani ya Mlimani

Watu wa pwani, ambao mwaka wao wa jua huanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi huko Unguja huiadhimisha kila Julai, na ambao huzihesabu siku zao 365 kwa miongo ya siku kumi kumi ili baharia ajue wakati wa kutweka na mkulima ajue wakati wa kupanda, hukiita demani kile kipindi kinachofuata baridi ya kipupwe, wakati kusi imekwisha kuvunjika nguvu na kaskazi haijapiga hodi, bahari ikatulia, na vyombo vidogo vikaweza kutoka alfajiri bila ya kumkosesha usingizi mke wa mvuvi. Huanza mwishoni mwa Agosti kikaishia Novemba. Sisi wa Arusha hatuna jina lake. Tuna baridi ya Juni na Julai, kisha vumbi, kisha mijakaranda inayochanua zambarau kandokando ya barabara mwezi wa Oktoba, kisha mvua za vuli. Na neno hilo vuli, ambalo walimu wetu walitufunza darasani kuwa ni majira ambayo miti ya Ulaya hupukutisha majani yake, kwetu ni mvua ya kuyaotesha, hata jirani yangu mmoja, aliposikia redioni kuwa vuli imeingia London, aliuliza kama watu wa huko nao wamekwisha kupanda maharage.

Katika demani hiyo, ambayo tumeiazima pwani kwa ajili ya mmoja wetu, mimi na sahibu zangu watatu kwa mwaka wa nne sasa huziacha starehe za Jumamosi mjini, pamoja na nyama choma yake na mabishano yake ya mpira, tukaenda Momela kukaa chomboni. Nasema chombo kwa taadhima, ingawa aliyezoea jahazi angecheka: ni mtumbwi wa faiba, mwepesi, wa kukodi, usio na mlingoti wala tanga wala mkuku, unaoendeshwa kwa makafi katika Ziwa Momela Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huku Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, umesimama upande wa magharibi, na Kilimanjaro, mawingu yakiridhia, umetulia upande wa mawio kama kawa jeupe lililofunika sinia.

Yafaa niwataje wenzangu kwa kazi zao, kwa kuwa majina yao hawakunipa ruhusa ya kuyaandika. Wa kwanza ni fundi wa magari, mzaliwa wa Pangani, aliyekuja Arusha kijana kutafuta riziki, akaoa kwa Wameru, na ambaye tunamwita Nahodha ijapokuwa kwa miaka 30 chombo alichokiongoza zaidi ni pikapu bovu linalovutwa kwa kamba kupelekwa gereji. Wa pili ni shemeji yake, mkulima wa kahawa na migomba karibu na Usa River, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno machache, ambaye kabla ya safari yetu ya kwanza hakuwahi kuingia katika maji yaliyompita magoti. Wa tatu ni Mwalimu, mama wa makamo afundishaye jiografia, mwenye desturi ya kuuliza swali ambalo jibu lake analo. Wa nne ni mimi, karani mstaafu, na sifa yangu kubwa katika msafara ni kwamba gari ni langu.

Huondoka mjini saa kumi na moja alfajiri. Jumamosi ni siku ya gulio la Tengeru, na kabla jua halijachomoza akina mama wamekwisha kushusha mikungu ya ndizi pembezoni mwa barabara, mshale upande huu na ndizi ng'ombe upande ule, nasi hununua mbivu za kula njiani na maparachichi manne, moja kwa kila mtu, maana tuliwahi kununua matatu tukajuta. Karibu na soko hilo limejificha Ziwa Duluti, lililokaa ndani ya kreta na kuzungukwa na msitu, nako pia mitumbwi ya kukodi ipo. Na karibu na Duluti yako makaburi ya Wapolandi, waliobaki katika ardhi yetu kati ya wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, ambao kuanzia mwaka 1942, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, waliletwa Tengeru kupitia Uajemi: watoto waliotolewa katika theluji ya Siberia wakaja kukulia chini ya migomba. Mwalimu hutukumbusha habari yao kila tunapopita, na kila tunapopita Nahodha hujibu kwamba naye ni mkimbizi, ila alikimbia ubishi wa mjomba wake.

Usa River tunaiacha barabara ya Moshi, tunashika njia ya kushoto, na baada ya lango la Ngongongare msitu huanza, pamoja na mbega weusi kwa weupe walioketi juu ya matawi kama mahakimu, kisha ghafla uwanda mdogo uitwao Serengeti Ndogo, wenye nyati na pundamilia na ngiri, na twiga wasio na haraka hata kidogo. Simba hawana haja ya kutafutwa, kwa kuwa hifadhi hii haina simba. Na nakiri kwamba jambo hilo, ambalo watalii hulilalamikia, kwangu mimi ni katika fadhila zake.

Maziwa ya Momela ni saba, na majina yake ukiyatamka kwa mfululizo yanakaribia kuwa wimbo: Momela Kubwa, Momela Ndogo, Rishateni, Kusare, Tulusia, Lekandiro na El Kekhotoito. Asili yake ni maafa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka, mlima ukajimwaga kwa mawe na tope hadi mbali tambarare, na pale bonge lilipotua pakawa kilima, pale palipobaki shimo maji yakaingia, mengi yakipenya kutoka chini ya ardhi. Yeyote asimamaye ukingoni, akatazama vile vilima vidogo vilivyotawanyika ovyo kama marundo ya udongo yaliyoachwa na fundi mwashi, kisha akainua macho kuuona mlima wenye ubavu mmoja pungufu, hahitaji mwalimu wa jiografia kumwambia kitu, ingawa wetu hutuambia vilevile. Mlima wenyewe haujafa. Ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910.

Kwa kuwa maziwa haya hayana mto wa kuyatoa maji, magadi yamejilimbikiza humo, kila ziwa kwa kadiri yake, na mwani wa kila namna ukaota, ndipo moja likawa la kijani, la pili likaelekea buluu, la tatu likawa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache. Ukitia mkono katika Momela Ndogo maji yanateleza vidoleni kama maji ya sabuni. Heroe wanayajua maziwa haya kuliko sisi, maana wao huhama kutoka ziwa hadi ziwa wakiufuata mwani wanaoula, na asubuhi ambayo Momela Kubwa limepigwa mstari wa waridi ukingoni, Momela Ndogo huenda lisiwe na heroe hata mmoja. Juma la pili mambo yakageuka.

Wageni wengi wamelijua jina la Momela kwa filamu. Kampuni ya Howard Hawks ilipiga hapa kambi, pamoja na John Wayne, kutengeneza "Hatari!", iliyotoka mwaka 1962, na mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alipendezwa na mahali hata akanunua shamba na kujenga hoteli. Lakini watu wa Ngare Nanyuki, majirani wa maziwa haya upande wa kaskazini, wana habari yao nyingine, iliyotangulia filamu hiyo kwa takriban miaka kumi: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu katika ardhi ya Ngare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akavuka bahari hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki yao. Hifadhi yenyewe ni ya baadaye, maana ilianza mwaka 1960 kwa Kreta ya Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Shemeji huyasema haya kwa sentensi moja tu, akiwa ameelekeza kafi upande wa kaskazini: "Kule ndiko alikofukuzwa babu."

Sasa niingie majini.

Mitumbwi yetu huwa miwili, watu wawili wawili, na wa tatu huchukua kijana muongozaji pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kabla ya kuondoka, baada ya kutuamkia shikamoo mmoja mmoja, kijana huyo hutufunga majaketi ya kujiokolea kama mama afungavyo mbeleko, kisha huturudia masharti ambayo tumekwisha kuyahifadhi: tusiende mbele yake, tusisimame, tusipite kati ya kiboko na maji ya kina, maana kiboko hukimbilia kwenye kina anapoogopa, na akimkuta mtu njiani hamwombi radhi. Yeye mwenyewe hugonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, ko, ko, ko, mithili ya mgeni mwenye adabu abishaye mlangoni, ili wenye nyumba wajitokeze na tujue walipo. Na kweli hujitokeza. Kwanza hutoka masikio mawili madogo yakizungushwa kama feni kupunguza maji, kisha macho, kisha pua mbili zinazopumua kwa kishindo cha breki ya lori. Na sisi tulio umbali wa mita 60 hivi husahau mara moja kila jambo tulilokuwa tukilisema.

Mtumbwi mdogo una jambo moja ambalo sebule haina, nalo ni kwamba uzito wa kila mtu unajulikana. Nchi kavu mtu anaweza kuwa mwepesi wa kazi na mzito wa maneno, na jamaa zake wasitambue kwa miaka; chomboni hujulikana kwa muda wa dakika tatu, kwa sababu asiyepiga kafi humfanya mwenziwe azunguke, na anayejitingisha humlowesha asiye na kosa. Siku ya kwanza Nahodha, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na ilimu ya mambo haya, aliwapanga watu kwa uzito wao kama apangavyo shehena, akamweka shemeji yake tezi katika mtumbwi wa kwanza na kumtangaza rasmi kuwa farumi.

"Farumi ndiyo nini, shemeji?" akauliza yule mkulima, ameshika kingo mbili kwa mikono miwili.

"Ni mawe au mchanga unaotiwa chini ya chombo kitupu, shemeji, ili kisipinduke."

Akafikiri kitambo. "Basi niite jiwe nielewe."

Jina la Jiwe halikudumu, lakini kazi imedumu. Yeye ndiye hukaa tezi hadi leo, na kwa mtu aliyeanza kwa kuyafumbia macho maji, ameuzoea mtumbwi kiasi cha kula parachichi lake humo kwa kisu, bila ya kushika kitu.

Katika demani ya pili mimi na Mwalimu hatukuwa tukisemezana. Sababu yake ilikuwa fedha za kamati ya harusi ambayo mimi nilikuwa mweka hazina wake, na yeye alidai kwamba mchango wake, shilingi 50,000, haukuandikwa daftarini, na mimi, kwa kiburi cha ukarani wa miaka mingi, nilisema kuwa kisichoandikwa hakikutolewa. Wenzetu, ama kwa kusahau ama kwa ujanja, na mpaka leo hawajakiri, walituweka mtumbwi mmoja. Mimi omo, yeye tezi. Nikapiga kafi kulia, naye akapiga kushoto kwa hasira, kisha sote kulia, kisha mimi nikasimamisha ili nimwonyeshe kwamba kosa ni lake, na mtumbwi, ambao hauna habari na harusi za watu, ukazunguka mara mbili na kwenda taratibu kujichomeka katika matete, mbele ya kuro dume aliyekuwa amesimama majini hadi magotini, akatutazama kama mtu aliyekatizwa sala. Neno la kwanza tulilosemezana baada ya majuma matatu lilikuwa "kushoto". La pili, nalo lilitoka kwangu, lilichukua muda zaidi: kwamba usiku wa jana yake nilikuwa nimelipitia daftari upya, na nikauona mchango wake, umeandikwa na mkono wangu mwenyewe katika mstari wa mtu mwingine. Mwalimu hakujibu. Aliuegemeza mpini wa kafi katika shina la matete, akatusukuma nje.

Sasa habari ya upepo, kwa kuwa ndiyo iliyonitia kalamuni. Tulipoanza nilidhani ziwa dogo la mlimani haliwezi kuwa na upepo wenye desturi. Unavuma utakapo, unakoma utakapo. Nahodha ndiye aliyegundua kinyume chake, naye aligundua kwa shingo, akiwa ameketi saa mbili asubuhi na kuisikia baridi ikimpapasa kisogoni kutoka mlimani. "Umande huu," akasema. Sisi watu wa bara tukatazama majani, tukidhani anausema unyevu wa usiku, naye akatueleza kwamba umande kwa mvuvi wa Pangani ni ule upepo mwembamba utokao nchi kavu alfajiri, unaowatoa wavuvi bandarini kuelekea baharini, na kwamba jua likipanda upepo huo hufa, bahari hulala kitambo kama mafuta, kisha mwingine huamka kutoka baharini na kuwarudisha nyumbani. "Subirini saa nne," akasema. Tukasubiri. Ziwa likawa kioo, Meru ukapinduka kichwa chini ndani yake, na ilipokaribia saa nne na nusu mikunjo midogo ikaanza upande wa mashariki, ikaja mbio juu ya maji, ikatupiga usoni.

Mwalimu alikuwa na sababu zake tayari. Usiku miteremko ya mlima hupoa upesi, hewa baridi ikawa nzito ikateleza kwenda chini tambarare. Asubuhi jua hupiga kwanza ubavu huohuo wa mashariki, hewa yake ikapata joto ikapanda, na ya tambarare ikaja kujaza nafasi, sawasawa na vile nchi kavu ipatavyo joto kabla ya bahari na kuuvuta upepo wa majini. Kwa hiyo mlima hapa umechukua kazi ya nchi kavu na tambarare imechukua kazi ya bahari, na pande zenyewe ni zilezile: asubuhi kutoka machweo, adhuhuri kutoka mawio, ule ambao mabaharia wenye kuhifadhi maneno ya Kiarabu huuita matlai. Nahodha alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kuyasikia hayo. Alikuwa ameishi miaka 30 chini ya mlima akizililia pepo za kwao, kumbe zilikuwa zikimpita gereji kila siku kwa ratiba ileile.

Tangu siku hiyo hakuridhika tena na kafi. Alitaka tanga. Akamwomba kijana muongozaji ruhusa ya kusimika mti na turubai, akakataliwa kwa adabu na kwa haki, maana mtumbwi usio na mkuku wala mirengu ukitiwa tanga hupinduka kwa upepo wa ubavuni kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Lakini Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, tukiwa tunarudi, wingu la vuli likashuka na manyunyu, na shemeji yake, mkulima mwangalifu, akatoa mfukoni mwa kapu mwavuli mkubwa mweusi. Nahodha akaupokea, akaufungua, na badala ya kuuinua juu ya vichwa akauelekeza mbele, uupokee upepo uliokuwa ukitoka nyuma yetu. Mwavuli ukavimba. Makafi yalikuwa yamelala ndani ya mtumbwi, mikono ya mkulima ilikuwa magotini, na mtumbwi ukaanza kwenda. Si kwa kasi ya kutisha mtu, lakini kwa mlio mdogo wa maji omoni, ule mlio wa kitambaa kinachochanwa polepole, ambao asiyewahi kuusikia hadhani kama unaweza kumtoa mtu mzima machozi.

"Shemeji, kaa kitako."

"Nimekaa, shemeji. Uliosimama ni mwavuli."

Walikwenda hivyo mita 100, pengine 120. Askari alicheka hadi bunduki ikatikisika mapajani. Kijana muongozaji alicheka pia, kisha akakumbuka kazi yake: "Mzee wangu, nakuomba ufunge huo mwavuli, kanuni hairuhusu tanga." Nahodha akaufunga, akaukung'uta maji, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata, sikukuu ya Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, ilipotupa siku tatu pamoja, tulimpeleka Nahodha kwao. Njiani Mwalimu alitufanya tuyahesabu maji. Mto Usa, tunaouvuka katika Jumamosi zetu bila ya kuutupia jicho, huungana na mito mingine ya Meru katika Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu itokayo upande wa Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo ndio Mto Pangani, ambao tuliuona tena Korogwe, umekuwa mwekundu na mzito, ukielekea kwenye mitambo ya umeme ya Hale na kisha baharini, baada ya safari ya kilometa zipatazo 500. Maziwa ya Momela hayamo katika msafara huo, yamebaki na magadi yake. Lakini mfereji unaonywesha migomba ya Shemeji umo. Na aliposimama Pangani mjini, mkabala na Bweni, akiutazama mto ukijimwaga baharini kahawia kwa buluu, alisema, baada ya kufikiri kama desturi yake, kwamba basi ndiko udongo wake ulikokuwa ukienda.

Mjomba wa Nahodha, yule wa ubishi, ana ngalawa. Shina lake ni la mwembe, limechongwa likawa jembamba kiasi cha mtu mzima kukaa kwa kubana mapaja, na pande mbili imetiwa miti iliyoshika mirengu inayogusa maji. Tanga lake la pembe tatu limefungwa kwenye foromali, nalo zamani lilikuwa la amerikani, ile nguo nzito iliyochukua jina la nchi ilikotoka, ila sasa limetiwa viraka vya kila nguo, kimojawapo, nilikiona kwa macho yangu, ni gunia la unga wa ngano. Tulitoka na umande kuelekea fungu la Maziwe. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakitaga humo, lakini bahari ilikila kidogo kidogo, na ilipofika miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umekwenda; leo ni mchanga mweupe ambao maji yakijaa hufunikwa wote.

Ni katika kurudi, upepo wa baharini umekwisha kuamka na kutushika kwa ubavu wa nyuma, ndipo mzee yule alinitupia kamba ya tanga akaniambia: "Shika demani." Nilidhani mzaha. Majira ya mwaka yanashikwa vipi? Nahodha alicheka hata akakohoa, akanieleza kuwa demani ni hiyo kamba ya pembe ya chini ya tanga, ambayo anayeishika ndiye huamua upepo uingie kiasi gani, na kwamba upande ule chombo kinakoinamia, uliokingwa na upepo, nao ni demanini, kama vile upande unaopigwa ni goshini, "na majira nayo ni demani, usiniulize kwa nini, niliyakuta." Kamba ilikuwa ya katani, imelowa, inavuta kama ndama. Nilipoilegeza tanga lilipepesuka na kupiga kofi, nilipoivuta ngalawa iliruka mbele, na mrengu wa goshini ukainuka ukachuruzika maji hewani, na mzee akapiga ukelele: "Farumi! Goshini!" Na Shemeji, mtoto wa mlima, ambaye hakujua kuogelea, akatambaa juu ya ule mti hadi nusu yake, akaketi huko juu ya bahari, jaketi limemkaba shingo, uso umemgeuka majivu, na mrengu ukashuka taratibu ukarudi majini. Alikaa pale hadi mdomo wa mto. Mjomba, ambaye hamsifu mtu, alimwuliza mpwawe kwa sauti ya chini kama kwa Wameru wapo wengine wa namna ile.

Shemeji aliporudi Arusha alijiandikisha kufunzwa kuogelea, katika umri wa miaka 58, pamoja na watoto wa shule.

Wakati mwingine huulizwa na wenzetu mjini kama mambo haya si ya wazungu. Mimi hukasirika, kisha hukumbuka kwamba katika Jumamosi zetu zote pale ziwani hatujakutana na Mtanzania hata mmoja aliyekuja kupiga kafi kwa tafrija yake mwenyewe, ilhali kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo tu ya kile atozwacho mgeni, na gharama ya mtumbwi, ikigawanywa kwa watu wanne mara moja kwa majuma mawili, haifiki ile tuliyokuwa tukiiacha kwenye meza za nyama. Nadhani kinachotuzuia ni hofu, na nadhani hofu hiyo ina haki yake. Watoto wa mlimani tulikatazwa mto tangu utotoni, na marufuku ilifanya kazi vizuri mno: haikutufundisha maji, ilitufundisha kuyapa mgongo. Shule nyingi za Arusha zina uwanja wa mpira. Yenye mahali pa kufunza watoto kuogelea ni ya wenye uwezo, na hili nalilaumu waziwazi, maana mvua za mkoa huu huzoa watoto kila mwaka katika makorongo ambayo siku nyingine ni makavu.

Mwaka huu demani ilikatika mapema. Jumamosi ya pili ya Novemba mvua ilitukuta Ngongongare, barabara ya ndani ikawa utelezi, na tulipofika ziwani kijana alikuwa amekwisha kuipindua mitumbwi kifudifudi juu ya nyasi. Tulikaa garini tukala ndizi, vioo vimejaa ukungu wa pumzi, na Mwalimu akatupa habari aliyokuwa ameificha tangu Tengeru, kwamba amepata uhamisho, kwenda Singida, kuanzia Januari. Nahodha alimwambia kwamba Singida kuna maziwa mawili ya magadi karibu na mji, Singidani na Kindai, na heroe wapo. Mwalimu alijibu kuwa yeye ndiye aliyemfundisha hilo.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Mungu akitupa uhai, tutakuwa langoni kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Mtumbwi wa pili una nafasi ya mtu mmoja, tezi, nyuma yangu. Anayeitaka aje na koti, aje na parachichi lake, na kabla ya yote ajifunze kuogelea.